Siku Serikali Ilipofungwa

Barafu ile haikuja kama pamba waliyoiona kwenye picha. Ilikuja kama mvua ya kawaida, ikaganda juu ya kila ilichogusa, na kulipokucha Langley Park nzima, huko Amerika, ilikuwa iking'aa: nyaya, uzio, hata majani makavu vichochoroni.

Kipngetich alikuwa amekwishavaa koti redio ilipotangaza kwamba ofisi za serikali zimefungwa kwa ajili ya barafu. Baba mkwe wake, Mzee Mutai, aliyekuja kutoka Kericho kuwaona wajukuu, akaweka kikombe chini.

"Umesikia, mwanangu? Vua koti. Serikali yako imelala."

Masikio yalimchoma Kipngetich. Siku ya posa, wazee walipouliza anafanya kazi gani Amerika, alijibu kwamba yuko ofisi ya serikali. Kumbe alikuwa akiogesha wazee katika nyumba ya kutunzia wagonjwa, kule Landover. Mkewe Cherono aliujua ukweli, akaufunika. Sasa alikuwa ameinamia sufuria ya uji kana kwamba ameangusha kitu ndani.

"Wengine hatufungiwi, Baba. Kuna kazi zisizongoja."

"Kumbe wewe ni mkubwa kuliko nilivyoambiwa." Mzee akatafuta kofia yake ya sufu. "Nitakusindikiza hadi kituoni. Nikawaambie nyumbani nimemwona mkwe wangu akienda kuiamsha serikali."

Walitoka wakitembea kama watoto wanaojifunza, Mzee mkono mmoja kwenye uzio, mwingine umeshikwa na Kipngetich. Kila walipoteleza, Mzee alicheka. Kipngetich hakucheka. Aliomba kituo kiwe kitupu.

Hakikuwa kitupu. Honorata, Mkongomani aliyefanya kazi naye, alikuwa amesimama pale, amevaa soksi za mumewe juu ya viatu ili asiteleze.

"Ndugu, leo tuko wawili tu. Batu wengine habakuji. Tutaogesha wazee wote siye wawili, na kubageuza kitandani." Akamwona Mzee, akainama kidogo. "Jambo, papa. Mtoto wako ana mikono mizuri. Mzee Leonard anakataa kila mtu, anamtaka yeye tu. Tangu aje, hakuna mgonjwa wake aliyetoka vidonda mgongoni."

Mzee aliacha kucheka.

"Vidonda vya kulala?" akauliza.

"Ndiyo, papa."

"Mke wangu, Mama Cherono, alikuwa navyo," Mzee akasema polepole, bila kumtazama mkwewe. "Alipopooza. Nilipiga simu huku, nikakwambia vimefika kwenye mfupa. Ulisema mtaniombea."

Kipngetich aliikumbuka simu ile. Maneno yalikuwa tayari mdomoni: mgeuzeni mara kwa mara, wekeni mto katikati ya magoti, shuka isiwe na mkunjo. Akayameza, maana karani wa serikali angeyajulia wapi?

"Baba, niliogopa mtajua..."

"Tungejua nini? Kwamba unajua kumtunza mtu?"

Basi likafika, likitambaa. Kipngetich akabaki chini. "Nikurudishe kwanza, Baba. Utaanguka."

"Panda," Mzee akasema. "Kuna watu wanangoja kugeuzwa."

Akapanda. Kupitia dirisha lenye ukungu alimwona Mzee akirudi, mkono mmoja ukipapasa uzio, mwingine umenyooka hewani, upande ule ambao yeye alikuwa amemshika.