Raya na Kesi ya Visheti

Jumamosi hiyo, sebuleni kwa mzee Bashiru kule Mkolani, kilikaa kikao kizito kuliko vyote vilivyowahi kukaliwa kwenye mkeka ule. Ajenda ilikuwa moja: Raya, aliyemaliza kidato cha sita, akasome nini chuoni. Maombi yalikuwa yanafungwa saa kumi na mbili jioni.

Baba alitaka sheria. Raya alitaka saikolojia, ili baadaye abobee katika ile ya uhalifu: kukaa na mtuhumiwa, kuyapima maneno yake, kisha kuieleza mahakama kama kosa analokiri ni lake kweli.

"Hiyo ni kazi au umbea?" baba aliuliza.

Baba mkubwa Mbaruku, aliyevuka kutoka Sengerema ili kutoa uamuzi, alikuwa anakohoa kwa heshima zote, mama akaingia na bakuli tupu.

"Nani kala visheti vya mgeni?"

Baba, ambaye daktari alimkataza sukari tangu Ramadhani, akaanza kuikagua dari.

"Nimekula mimi," akasema Bibi Mwaija, mama yake baba.

Raya akamgeukia bibi. Kule bweni alikuwa amehojiwa na matroni mara nyingi kiasi cha kuijua kazi hiyo kutoka upande wa pili.

"Bibi, pole kwa kukusumbua," alisema kwa sauti ya hakimu. "Yale maganda ya chungwa aliyotia mama, hayakuwa machungu?"

"Aa, mjukuu wangu, yamekolea vizuri tu."

"Chungwa wapi?" baba akadakia. "Ile ni tangawizi."

Raya, ambaye ndiye aliyeitwanga hiyo tangawizi asubuhi, akamgeukia baba. Mama aliweka bakuli chini polepole. Baba mkubwa akacheka mpaka kofia ikamdondoka.

"Bashiru, mtoto hana hata cheti, kashakukamata. Akisoma je?"

"Ndicho ninachokiogopa, kaka." Baba alijifuta sukari mdomoni, kwa kuchelewa mno. Akamsogezea Raya simu yenye fomu ya maombi. "Haya. Saikolojia iwe chaguo la kwanza. Sheria iweke la pili, maana mama yako akinifikisha mahakamani nitahitaji wa kunitetea."

"Ushahidi uko wazi, baba. Nakushauri ukiri," alisema Raya, na kabla baba hajabadili mawazo, akabonyeza kutuma.