Chef wa Port ya Butembo

Saa kumi na mbili ya asubui, Florentine, mama ya Sagesse, alitia petroli mu taa, akapanguza kioo na kipande ya kitenge, akapanda juu ya mabati, akafunga taa ku nguzo ya antenne. Chini, ukungu ilikuwa imeisha kujaza mabonde yote ya Butembo, na mashua ilikuwa imeanza kutembea ndani.

Ilikuwa mwaka wa 2001. Batu ya bunduki balikuwa bamefunga barabara ya Manguredjipa, donc bachimbaji ya zahabu balikuwa banarudi na mashua, juu ya ukungu. Saa tatu ukungu ilikuwa inakauka. Mwenye kuchelewa alimalizia na miguu.

Ku inchi ya bahari, leta, ni kusema serikali, ndiyo inajengaka munara ya taa, mashua isigonge mawe. Huku leta ilikuwa mbali, na mawe yetu ilikuwa miti ya eucalyptus. Florentine alianza ile kazi sababu bwana yake, Phinées, alikuwa kule ku zahabu tangu miezi munane.

Basoda, ile batu ya bunduki, balipoona mashua yote inafuata taa moja, baliweka barrière, kizuizi ya njia, chini ya nyumba yake, pale inafikaka. Zahabu ilibaki pale. Banaume pia: balipewa masanduku ya masasi babebe mpaka ku vita, na hakuna mwenye alirudia. Kamanda alimuletea Florentine bidon ya petroli na karatasi ya stempu yenye kumuita Chef wa Port, mukubwa wa bandari.

"Mama Sagesse, unatusaidiaka sana," alisema. "Hapana kuzima."

Alijaribu kuzima mara moja. Mashua mbili ikapasuka ku miti. Rébecca, jirani yake, alizika kaka yake, kisha akakuja kumuambia bila kasirani: "Uwashe tu. Mutu mwenye balikamata ku barrière, tunaweza kumungojea."

Siku moja mu ukungu, mutu alikohoa mara tatu, akapiga muluzi. Florentine akamutambua: ilikuwa Phinées. Basoda pia balisikia. Mumoja akamutayarishia sanduku. Florentine akazima taa.

Mbao ikavunjika.

Saa tatu, ukungu ikakauka. Mashua ilibaki juu ya eucalyptus, imetoboka, Phinées amekaa ndani, muzima. Batu ya kwenda ku soko balimusalimia. Basoda baliongeza barrière ya pili chini ya ule muti.

"Papa Sagesse, shuka," Kamanda alisema.

"Toa kwanza barrière."

"Shuka kwanza."

Tangu pale Florentine anamutumiaka bugali na sombe, majani ya muhogo, mu kitunga, na kamba. Basoda banakata nusu. Banasema ni ushuru ya douane.

Kesho ya ile siku ya ajali, saa kumi na mbili, Florentine alipanguza kioo tena. Bwana ya Rébecca alikuwa bado mu ukungu.

"Inua taa kidogo, mama," Phinées alisema toka juu ya muti. "Huku kuko giza."

Akainua. Mashua ya kwanza ikageuka muzuri, ikapita miti yote. Ndani, bwana ya Rébecca alikuwa anapunga mukono. Soda akaenda kutafuta sanduku.