Ombi la Saverio

Nazzareno na mkewe, Imma, walikuwa uani wakimenya nyanya za mchuzi wa mwaka mzima gari la Saverio lilipoingia. Kisu kilimponyoka Nazzareno.

Tangu ujana wake, alipokuwa mfungua mifereji ya kumwagilia mashamba ya machungwa, alikuwa akikusanya habari za kundi la wahalifu ambalo Wakalabria, Waitalia wa kusini, wa mji ule wa Australia waliliita "jamaa" tu: nani aliwatoza wakulima fedha kwa vitisho, nani aliokotwa mferejini akiwa maiti. Hakuwahi kuzisema hadharani. Jumamosi angezisema katika mhadhara ukumbini, na miongoni mwa jamaa angemtaja baba yake Saverio kwa jina.

Saverio alishuka na boksi la keki, akaketi.

"Mwanahistoria mzima anamenya nyanya! Imma, si uajiri kibarua?"

"Huyu ndiye kibarua niliyempata," Imma alijibu. "Wa maana wote walikataa."

Saverio akacheka mpaka akapangusa macho. Kisha akasema, "Kaka, nina ombi. Mjukuu wangu anabatizwa Ijumaa. Nataka wewe uwe baba yake wa ubatizo."

Imma aliacha kumenya.

Kwao, baba wa ubatizo ni ndugu wa damu. Hatamki neno baya juu ya ukoo ule mpaka anazikwa. Nazzareno alikuwa amewarekodi wazee wengi waliozibwa midomo hivyo, kwa heshima. Kati ya waliokataa heshima hiyo, hakuwahi kumpata hata mmoja aliye hai wa kumrekodi.

"Ni heshima kubwa," alisema.

"Basi tumemaliza."

"Atakubali," Imma alidakia. "Mpe nafasi tu, Saverio, si unamjua alivyo mzito?"

Nazzareno alimfikiria bibi Filomena, aliyemsimulia jinsi maiti ya mumewe ilivyotolewa mferejini, akamwomba ayaseme hadharani wakati yeye bibi angali hai. Jumamosi bibi huyo angekaa mstari wa mbele.

"Tafuta mwingine, Saverio."

"Nazzareno!" Imma alinong'ona. "Unasema nini wewe?"

Saverio aliinuka taratibu, akafunga vifungo vya koti. Nazzareno hakupewa mkono. Saverio alimwendea Imma, akaushika mkono wake uliolowa nyanya kwa mikono yake miwili, akaushikilia kitambo, kama watu wanavyoushika mkono wa mjane mlangoni mwa kanisa siku ya mazishi.

"Pole sana, mama," alisema kwa upole, akarudi garini.