Rena Alikosea

Mkanda wa mwisho uliisha Jumamosi alasiri, na kabla Bi Johari hajazima jenereta wanaume walikuwa wameshaanza kumtukana Rena.

Rena hakuwa mtu wa hapa Kibiti. Alikuwa mwanamke wa kwenye picha ya mfululizo ambayo Bi Johari, mwenye banda la video, aliileta kutoka Dar es Salaam mkanda mmoja mmoja. Tuliifuata tangu mvua zilipokatika. Watu wa picha hiyo wanaishi kwenye sayari isiyo na hewa, ndani ya jengo kubwa lililozibwa pande zote. Rena anasimamia mnara unaotoa ishara za kuwaongoza marubani kurudi. Mumewe, rubani Doran, ndiye pekee ambaye hajarudi; amepotea angani kwa miaka. Umeme unapopungua, Rena inambidi achague kati ya mnara na mashine ya kuwapa watoto hewa. Anauzima mnara. Baadaye sana anaolewa na daktari. Katika mkanda wa mwisho Doran anarudi, mzee, chongo, anabisha hodi.

"Kauzima ili aolewe," alisema Ally kwenye benchi la kahawa nje ya banda. Ally ndiye aliyetutafsiria Kiingereza kwa kipaza sauti, na kwa sababu hiyo alijiona kama picha ni yake. "Mwanamke hatari yule."

"Aliuzima kwenye mkanda wa nne," nilisema. "Daktari kafika mkanda wa sita. Umetafsiri mwenyewe."

"Mwalimu Zuena, mimi natafsiri maneno. Nia ya mtu haitafsiriwi."

Walicheka. Nilikuwa nimezoea. Nafundisha hesabu shule ya msingi, na kila Jumamosi nilijikuta nasahihisha banda zima.

Abdulazizi hakucheka. Ni fundi cherehani, binamu wa mume wangu, Mtoro. Mtoro aliondoka na robota la mitumba kwenda Lindi, akasema angerudi masika yakiisha. Masika yameisha mara nne. Hakuleta matumizi wala salamu. Nilifungua shauri la talaka katika mahakama ya mwanzo, Mtoro akapelekewa wito, hakujibu. Karani alinieleza kwamba neno la ndugu wa mume lingekuwa na uzito kuliko la jirani yeyote. Abdulazizi alikubali kutoa ushahidi. Shauri lilikuwa lisikilizwe Jumatatu.

"Shemeji," alisema, akaweka kikombe chini. "Jumatatu mimi siji."

Nilidhani anaumwa.

"Nimemtazama Doran anaingia, mke kakaa na mtu mwingine. Sasa mimi nisimame kortini niseme Mtoro kamtelekeza mkewe? Si nimezima mnara? Halafu kesho arudi?"

"Hapo umesema," mtu mmoja aliitikia, na benchi zima likaafiki.

Mtu mzima, mwenye wajukuu, alikuwa tayari kuniacha niendelee kuwa mke wa mtu asiyekuwepo, kwa sababu ya mkanda wa video.

"Shemeji, Doran alikuwa wapi?"

"Angani."

"Kwa nini hakurudi?"

"Chombo kiliharibika. Na ishara hakuna."

"Mtoro yuko wapi?"

"Lindi."

"Basi la Lindi linapita wapi?"

Alitazama barabarani. "Hapa."

"Masika barabara hukatika, mwalimu," Ally aliingilia. "Tuseme haki."

"Masika nimeyatoa. Nazungumzia kiangazi."

"Pengine kuna jambo limemzuia," Abdulazizi alisema. "Doran naye hakuweza kutuma salamu."

Alikuwa amevaa shati la maua ambalo nililiona mara ya kwanza siku ya Idd. Halikuwa la kushonwa kwenye cherehani yake.

"Shati hilo umelipata wapi?"

Alilitazama kama vile kavalishwa akiwa usingizini. "Limetoka Lindi."

"Kaleta nani?"

"Utingo wa basi."

"Utingo kapewa na nani?"

Alichukua kikombe, akakuta hakina kahawa. "Mtoro," alisema. "Alinikumbuka Idd."

Bi Johari, aliyekuwa mlangoni anakunja waya, alicheka mpaka akakaa chini. "Kumbe mnara unawaka! Ila unamulika kwa fundi tu!"

Benchi lilimcheka vibaya. Abdulazizi alingoja watulie.

"Haya. Nitakuja," alisema. "Lakini na wewe useme Rena alikosea."

"Hilo halihusiani na Mtoro."

"Linahusiana na mimi. Kila Jumamosi unatusahihisha kama watoto wa darasa la pili. Leo nimeumbuka mbele za watu, sawa. Na wewe kubali kosa moja. Sema Rena alikosea, Jumatatu asubuhi unikute mahakamani."

Rena hakukosea. Mnara ulikuwa wa mtu mmoja ambaye huenda alikuwa hai. Mashine ilikuwa ya chumba kizima cha watoto ambao bila shaka walikuwa hai. Hata darasa la pili wangeweza kulitatua.

"Alikosea," nilisema.

Walipiga makofi. Ally alitaka nirudie kwenye kipaza sauti. Bi Johari akamwambia jenereta limeshazimwa.

Jumatatu Abdulazizi alikuja amevaa kanzu. Alimweleza hakimu kila kitu kwa ukweli na kwa utaratibu, hata habari ya shati. Hukumu ikapangiwa siku nyingine.

Niliingoja kwa shida. Bi Johari alikuwa ameanza kurudia mikanda tangu wa kwanza, na kila aliyefungua kinywa kumtetea Rena alijibiwa, "Hata mwalimu kakubali." Sikuthubutu kubisha: hakimu alikuwa na haki ya kumwita shahidi tena, na shahidi wangu alikuwa wa kubadilika kwa mkanda. Zamda, muuza vitumbua, ambaye tangu mwanzo tulikuwa tukimtetea Rena pamoja, hakunipa tena nafasi kwenye jamvi lake. Nikawa nasimama ukutani.

Hukumu ilisomwa Alhamisi. Nilipewa talaka. Jumamosi, kabla jenereta halijawashwa, nilisimama mbele ya televisheni.

"Nilichosema kuhusu Rena nakifuta. Hakukosea."

Abdulazizi aligeuka. "Shemeji, hukumu umeshapata?"

"Nimeshapata."

"Mmemsikia?" aliwaambia wenzake. "Kangoja karatasi iwe mkononi, ndipo kageuka. Huyu ni Rena mtupu!"

"Tuanzie mkanda wa nne," nilisema. "Daktari alikuwa hajafika."

Wote wakaanza kusema kwa pamoja. Bi Johari alipiga kelele kwamba leo hawashi kitu mpaka wanyamaze. Zamda alivuta beseni lake la vitumbua upande mmoja, akasogea kunipa nafasi kwenye jamvi.