Ruhusu Wakati Wote

Mzee Munyakazi, msemaji wa waposaji, alisimama katikati ya turubai, kofia mkononi, akaanza kunitembeza mbele ya watu.

Sikuwa pale. Kwetu Warundi, msichana anayeposwa hukaa ndani mpaka aitwe; hasemi, husemewa. Nilikuwa nimekaa kwenye kitanda cha mama, kitenge kipya kikinikwaruza shingo, na sauti ya mzee ikanifuata kupitia ukuta wa udongo. Pembeni yangu alikuwa Nabintu, Mkongomani niliyekuwa nikisoma naye chuo Mbarara, aliyekuja kambini kwetu, kambi ya wakimbizi ya Nakivale, ili tu anishike mkono.

Baba mdogo Damascène, msemaji wa upande wetu, alikuwa ameuliza swali linaloulizwa katika kila posa: "Mnamtaka binti yetu. Mnamfahamu, au mmeona sura tu?" Kwa kawaida hujibiwa kwa sifa tamu za ng'ombe na maziwa na mwendo wa madaha. Watu hucheka, mtungi wa pombe ya mtama husogezwa, mirija hugawiwa.

Munyakazi hakuleta ng'ombe.

"Tunamfahamu kuliko ninyi," alisema. "Jumatatu mpaka Ijumaa, chuoni, kisha bwenini. Barabara ya baa haijui. Jumapili, misa ya kwanza, na hatoki kabla ya baraka. Siku moja alisimama kwenye daraja la mto Rwizi, peke yake, muda mrefu. Ninyi wazazi, mlijua hilo?"

Wakapiga makofi.

"Ineza," Nabintu alininong'oneza, "huyu muzee anajua aje fasi unaendaka?"

Simu ilikuwa mapajani mwangu. Mchumba wangu Audace ana kibanda cha kuchaji na kutengeneza simu Kashojwa, na aliponipa ile aliiandaa mwenyewe, mbele yangu, kwa ustadi wa mtu anayemvisha mtoto. "Hii app ni ya kuitafuta ikiibiwa," aliniambia. "Mbarara kuna wezi." Kioo kiliuliza swali, naye akalijibu kwa kidole kabla sijamaliza kulisoma. Nikafikiri ni ulinzi. Nilikuwa sijawahi kulindwa.

"Na Jumamosi," Munyakazi aliendelea, sasa amenogewa, "wenzake wakizurura mjini, yeye huenda Kakoba. Kuna vyumba vya kupanga nyuma ya soko, jirani na mashine ya kusaga. Huko hukaa hadi jioni. Kama si kikundi cha sala, mimi si mtu mzima!"

Makofi tena.

Pale Kakoba hapakuwa na sala. Palikuwa na dada yangu Doriane.

Mume wake, Gasore, alimvunja mkono kwa mpini wa jembe. Wazee wakakaa, wakanywa, wakamrudisha kwake. Alipompiga mara ya pili dada hakungoja wazee; alimfunga mtoto mgongoni akaondoka, na alikokwenda nilikujua mimi tu. Gasore aliendelea kuwa mkwe. Baba alimpa kiti. Hata siku hiyo alikuwa huko nje akibeba kreti za soda kama mkwe mwema. Kila tulipokutana alinisalimu kwa tabasamu: "Shemeji, dada hajambo?" Mara moja tu alinisalimu bila tabasamu. "Nikimpata," alisema, "hatakimbia tena kwa miguu yake."

Nikampigia Doriane. Simu iliita mpaka ikakata. Jumamosi kama ile hufua nguo za watu uani, na simu huiacha ndani.

Nikachungulia dirishani. Gasore alikuwa ameweka kreti chini na kuinama nyuma ya kiti cha Audace.

"Ndugu yangu," alisema, taratibu, kama anayeomba chumvi, "ni nyumba ipi hiyo? Nionyeshe."

Pikipiki yake iliegemea uzio, imeelekea njia ya Kabingo, iendayo Mbarara.

Nikafungua mipangilio ya simu. Mahali. Nikaikuta ile app, na chini yake maneno matatu ambayo Audace alikuwa amenichagulia kwa kidole: Ruhusu wakati wote. Nikagusa Usiruhusu.

"Umefunga ya leo," Nabintu alisema. "Ya jana iko kwa yeye."

Nikampa simu. "Mpigie dada. Usiache kupiga."

Kisha nikatoka bila kuitwa.

Wa kwanza kuniona alikuwa Adélaïde, shangazi yake Audace. "Ee! Binti wa chuo amechoka kungoja mume!" Wanawake wakacheka. Ni yeye aliyemfundisha Audace kwamba msichana msomi, kama mbuzi mzururaji, hufungwa kengele.

Mimi ni mtu anayeuomba mlango samahani akijigonga. Nilipita katikati ya wazee, nikasimama mbele ya mchumba wangu. Ramani ilikuwa wazi mkononi mwake, Jumamosi zangu zote zimechorwa kwa mstari wa bluu, na kidole cha Gasore kilikuwa kinaufuata.

"Futa," nilisema.

"Nini?"

"Njia zangu. Zifute."

"Kaa chini, Ineza, unaniaibisha." Kisha, kwa sauti ya chini: "Anayeogopa kuonekana ana la kuficha. Nani yuko Kakoba? Mwanamume?"

Nikapiga magoti. Watu wakashusha pumzi. Walidhani nimekumbuka adabu. Nikaipokea simu kutoka mkononi mwake kwa mikono miwili, kama mtu anavyopokea kibuyu, nikaiachia ndani ya mtungi.

"Mshenzi!" Adélaïde alipiga yowe. "Pombe ya watu!"

Audace alizamisha mkono hadi kwenye kiwiko. Nilijua kumbukumbu za namna ile hazifi kwa pombe. Angezipata kwenye simu nyingine. Lakini si mchana ule. Gasore alinitazama, akafuta mikono kwenye suruali, akaenda kwenye pikipiki yake.

"Mashine ya kusaga haijifichi," alisema.

Vumbi lake lilikuwa bado hewani Nabintu alipotokea mlangoni, simu yangu sikioni.

"Amepokea!"

Baadaye tulisikia Gasore aligonga mlango mmoja baada ya mwingine. Alichokuta ni nguo za watu kwenye kamba, bado zinadondosha maji.

Ukoo wa Audace uliondoka na mtungi wao. Baba hakunisemesha mpaka niliporudi Mbarara. Huko nilikaa bwenini nikazipitia app zote. Tochi ilitaka kujua ninapoishi. Kitabu cha nyimbo za kanisa kilitaka kunisikiliza. Nikazikatalia, moja moja, kwa utulivu ambao sijawahi kuwa nao mbele ya binadamu.

Doriane hupiga kwa namba za watu. Wiki iliyopita, nyuma ya sauti yake, kuku walikuwa wakigombana na mwanamke alikuwa akiimba kwa lugha nisiyoijua.

"Ineza," alisema, "nikuambie niko wapi?"

Nilitamani sana.

"Mtoto," nikamwuliza, "ameanza kusema?"