Mbali kwa Kiingereza

Makarani wa mahakama walimwita Kamusi, naye hakukasirika. Alikuwa amefundisha Kiingereza mpaka sauti ikakwaruza, kisha akala kiapo cha ukalimani. Ukimuuliza maana ya neno, alikupa na asili yake: lilizaliwa wapi, likapita mikononi mwa nani. Makarani walimkimbia wakati wa chai. Hakimu alikuwa amemwonya zaidi ya mara moja: "Mama, hapa kazi yako ni kuvusha maneno. Usiyatie chumvi."

Siku hiyo alivusha maneno ya mume na mke. Mke alikuwa mpiga pasi wa shuka za hospitali, mwanamke mkimya mwenye alama za moto vidoleni. Mume alikwenda ng'ambo kusomea uhandisi, akapata kazi, akalowea hukohuko. Sasa alitaka talaka, na alitaka binti yao wa darasa la sita akakae naye. Hakuja mwenyewe. Sura yake ilikuwa kwenye kioo kikubwa cha runinga ukutani, na kila mtandao uliposuasua alibaki mdomo wazi kama anayepiga chafya. Kiswahili alikijua tangu akinyonya, lakini aliomba atoe ushahidi kwa Kiingereza.

"She became distant," alisema mume.

Kamusi akamgeukia mpiga pasi. "Anasema ulikuwa mbali."

Mpiga pasi akakitazama kioo, kisha akamtazama hakimu. "Mimi? Mheshimiwa, mimi nimekaa chumba kilekile alichoniacha. Kitasa ni kilekile. Aliyepanda ndege ni nani?"

Watu wakacheka, hata askari wa mlangoni. Wakili wa mume akasimama, akarekebisha tai. "Mheshimiwa, mkalimani amekosea. Mteja wangu hazungumzii maili."

Ni kweli, na Kamusi alijua. Neno la kwanza lililomjia mdomoni ndilo alilolitoa, kosa la mwanafunzi. Hakimu akamwambia arekebishe.

"Anasema ulipoa kwake," alimwambia mpiga pasi kwa sauti ya chini. "Kwamba moyo wako ulijitenga naye."

Kicheko kikakatika. Mpiga pasi alifunga mikono mapajani. Umbali angeweza kuubishia, hata kuufanyia mzaha. Hili lilimwingia.

Wakili hakumpa nafasi ya kupumua. Akamuuliza kama ni kweli mume alipopiga simu alikuwa akimjibu kwa mkato.

"Ndiyo. Alikuwa akipiga saa za kazi. Mashine inanguruma, msimamizi amenikodolea macho..."

"Jibu ni ndiyo au hapana."

"Ndiyo."

Hakimu akaandika.

Mahakama ilipoahirishwa kwa mapumziko, mpiga pasi alimfuata Kamusi kwenye ukumbi, karibu na bomba la maji. Mkalimani haruhusiwi kuzungumza na wenye kesi, na Kamusi alilijua hilo kuliko jina lake.

"Mwalimu, lile neno lina maana ngapi?"

Angesema nenda kamuulize wakili wako. Lakini huyu hakuwa na wakili, na tangu aache kufundisha hakuna aliyewahi kumuuliza swali kwa njaa ile.

"Nyingi," alisema. "Safari ndefu. Zamani za kale. Ndugu mnayehesabiana ukoo mpaka mnachoka. Na mtu aliyepo mbele yako lakini hakupi uso wake. Waingereza walilipokea kutoka Kilatini, kupitia Kifaransa. Kule mwanzo maana yake ilikuwa kusimama kando, kila mmoja na pake."

"Kwa hiyo wanaosimama ni wawili."

"Lazima wawe wawili."

"Na aliyesogea je? Linamtaja?"

"Hapana. Neno halisemi aliyesogea."

Mpiga pasi akatikisa kichwa. "Ndiyo maana amelichagua. Kwa Kiswahili ingebidi aseme nilimwacha au aliniacha. Ukirudi ndani, mwambie hakimu hivyo ulivyoniambia."

"Siruhusiwi, mwanangu."

"Mbona mimi umeniambia?"

Kamusi alipoinua macho alimwona wakili wa mume amesimama mlangoni na simu yake, akiwatazama wote wawili.

Malalamiko yaliandikwa siku ileile: mkalimani anamfundisha mdaiwa la kusema. Kamusi aliondolewa kwenye kesi, akaletwa kijana mwepesi wa ulimi aliyefupisha dakika nzima kuwa sentensi moja. Hukumu ilipotoka, karani ndiye aliyemsimulia. Mke mwenyewe amekiri kumjibu mumewe kwa mkato, na alionekana akitafutiwa majibu ukumbini, hivyo ushahidi wake haukupewa uzito. Mtoto aende kwa baba.

Kamusi alikaa na habari hiyo kama mtu aliyemeza mfupa. Mwishowe akajikaza, akaenda hospitali, akashuka ngazi mpaka chumba cha kufulia. Mpiga pasi alikuwa akiingiza shuka kwenye mashine ya roli, mvuke umemjaa usoni.

"Shikamoo, mwalimu," alisema bila kusimama.

"Marahaba. Nimekuja kukuomba radhi."

"Kwa lipi? Ulinifafanulia, nikaelewa. Wewe ndiye mtu pekee mle ndani aliyenifanya nielewe kitu." Akavuta shuka nyingine. "Walipokuondoa, nilimngojea yule kijana anigeukie. Hakugeuka. Nikawa nakaa tu naitikia. Wewe ulikuwa unajua sheria, mwalimu. Mimi nilikuwa sijui. Ungeninyamazia tu siku ile, ungebaki kwenye kiti chako hadi mwisho."

"Nilidhani nakusaidia."

"Ulifurahi kuulizwa. Nilikuona."

Kamusi alihisi uso ukimwaka, na haukuwa mvuke.

"Binti ameondoka lini?" aliuliza.

"Jumapili. Alikuwa na begi jipya, analifurahia." Mpiga pasi akakunja shuka mara mbili, akaipigapiga kuinyoosha. "Radhi yako nimeipokea. Sasa nipishe, mwalimu, hizi zinasubiriwa wodini."

Kamusi akampisha.