Bikari ya Kheiria

Marhoon alimpeleka binti yake Kheiria kwa Ishaq, mpiga picha wa Matrah, ubavuni mwa Maskati, asubuhi jua halijawa kali. Picha ilitakiwa na mama wa mposaji, huko Kuwait. Kheiria alivishwa dhahabu ya kuazima na nguo ya tarizi, akaambiwa acheke.

"Nicheke nini?"

"Cheka tu, mwanangu, usitupotezee wakati."

Ishaq alikuwa na ada yake: kila msichana wa posa humng'arisha uso kwa brashi, humfuta madoa, humnyoosha pua. Ndiyo maana wachumba wote wa Matrah walifanana kama visahani vya seti moja, na wazee wao wakashukuru.

Picha ilipotoka, Kheiria alikuwa kavaa gauni jeupe la skuli. Kanuna, baka lake la shavuni lipo pale pale, na mkononi kashika bikari ya kuchorea maduara. Ishaq akalifuta baka. Kufika adhuhuri likarudi.

"Mbona hukumpiga na nguo aliyokuja nayo?" aliuliza Marhoon.

"Nimempiga nayo. Hii ndiyo iliyotoka."

Kule Unguja, wasichana wa darasa la mwisho walikuwa wakipigwa picha ya kumaliza skuli, kila mmoja na kitu alichokichagua mwenyewe. Nasriya, shoga yake, alichagua mpira. Kheiria alichagua bikari, wenziwe wakamcheka: "Ebo! Utaolewa na duara?" Kabla ya picha na kabla ya mtihani yakaja mapinduzi, wakahamia Maskati, ambako skuli ya serikali ilikuwa ya wavulana tu. Miaka miwili sasa alikuwa akisema, "Baba, nnataka kumaliza. Nipeleke hata Bahrain kwa ami." Na Marhoon akijibu, "Inshallah." Inshallah gani hiyo! Ilikuwa ya kumfungia mtu mlango.

Mama wa mposaji akaleta salamu kwamba picha si lazima, maadamu binti anajua kupika. Basi ile ikatundikwa majlisi, wanapokaa wageni wanaume.

Picha ikaendelea na masomo. Siku nyingine iliwapa wageni mgongo, ikichora maduara ubaoni, na vumbi la chaki likiangukia mito. Mama yake Kheiria, Muhsina, akilipangusa. Mwezi wa mtihani haikuinua uso. Kisha asubuhi moja ikaonekana imeshika cheti mkono mmoja, bikari mkono wa pili, na kwa mara ya kwanza inacheka.

Marhoon akaagiza halwa. Wanaume wakajaa.

"Mashallah, Marhoon! Una binti!"

"Kasoma huyo," alisema, akionesha ukutani. "Mkaidi, lakini kichwa anacho."

Nyuma ya pazia Kheiria alishika dele la kahawa. Hasira ilimpanda hata akahisi atalivurumisha.

"Baba, huyo ni mimi!"

"Najua, mwanangu. Lete kahawa, inapoa."

Akapitisha dele chini ya pazia. Mkono wa mtu ukalipokea.

Siku ya kupelekwa Kuwait, masanduku yakiwa mlangoni, aliomba kitu kimoja tu: ile picha. Marhoon akasimama mbele ya picha, mikono kaitanua.

"Hapana, Kheiria. Hii ndiyo fahari ya nyumba," alisema. "Hii inabaki. Wewe nenda."